Kidonge cha njano cha "kuongeza damu" kwa mtoto aliye kwenye kemo (dawa za saratani): tafadhali someni kabla hamjanunua

#1 MamaMalaba

Habari zenu wanajamvi. Miaka yote mimi ni msomaji wa kimya hapa. Leo naandika kwa sababu jambo lililotupata nyumbani nimewasimulia akina mama wanne tunaokaa nao benchi moja kliniki, na watatu kati yao wakaniambia hata wao wana vidonge hivyo nyumbani.

Mwanangu ana miaka 7. Ana lukemia, yaani saratani ya damu, ile ya ghafla ya chembe za limfu, ambayo ndiyo huwapata watoto zaidi. Miezi ya mwanzo tulikaa Kampala: dripu, sindano ya uti wa mgongo, nywele kubaki kwenye mto, mdomo kujaa vidonda hadi uji ukawa adhabu. Mungu ametuvusha. Sasa yuko kwenye awamu ya mwisho, ile ndefu ya kuuzuia ugonjwa usirudi. Kila usiku anameza merkaptopurini. Mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa, anameza methotreksati. Mara moja kwa mwezi tunapanda basi hapa Malaba kungali giza, tunavuka Jinja kukipambazuka, tunafika kupimwa damu na kuchomwa vinkristini.

Mwezi uliopita mama yangu aliugua, nikavuka kwenda Kenya kumuuguza wiki tatu. Mtoto nikamwacha kwa shangazi yake, dada wa mume wangu. Nisieleweke vibaya: huyu wifi yangu ndiye aliyeuza mbuzi wake wawili tulipoishiwa nauli. Nilimwandikia kila kitu kwenye kitabu cha hospitali, lile daftari la shule tunalobeba sisi wa Uganda, na neno IJUMAA nikalizungushia wino mwekundu.

Wiki ya kwanza akaona mtoto amepauka. Akamvuta kope, ndani kweupe. Jirani yake ana binti mwenye selimundu, na binti yule anameza kidonge kidogo cha njano kila siku kwa agizo la daktari, damu inakaa sawa. Basi shangazi akaenda duka la dawa, akasema anataka dawa ya kuongeza damu ya mtoto wa miaka 7. Hakuulizwa mtoto anaumwa nini. Akapewa bahasha ya vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 na chupa ya sirapu ya vitamini yenye madini ya chuma. Kila asubuhi baada ya uji, kidonge kimoja na vijiko viwili. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hakukosa hata siku moja.

Niliporudi nilikuta bahasha mbili ndani ya kopo moja la plastiki. Nikazimimina juu ya kitambaa cha meza. Wanajamvi, vilikuwa vidonge vya njano hivi, na vya njano vile. Vyote vya duara, vyote vidogo kiasi cha kujificha chini ya kucha. Nikavishika kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, nikavipeleka dirishani. Mimi ambaye nimempa mtoto huyu methotreksati Ijumaa nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, sikuweza kusema kipi ni kipi bila kurudi kwenye maandishi ya bahasha. Miguu ilikufa ganzi. Methotreksati ni ya mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku kwa kudhani ni foliki asidi inaweza kumuua. Nikahesabu vya methotreksati mara tatu juu ya kile kitambaa. Hesabu ilitimia. Nikakaa chini, nikalia.

Siku ya kliniki nilibeba kopo lote kama lilivyo. Mfamasia wa pale, kijana mpole sana, aliyatazama yale maandishi akanyamaza, kisha akavuta kiti. Maelezo yake nayaweka kwa maneno yangu.

Chembe yoyote inayotaka kugawanyika inahitaji foleti, maana ndiyo inayotumika kutengeneza vinasaba vya chembe mpya. Chembe za lukemia hazipumziki kugawanyika, kwa hiyo njaa yao ya foleti ni kubwa. Methotreksati inakamata kimeng'enya kinachoifanya foleti itumike mwilini. Chembe inabaki na njaa, inakufa. Foliki asidi ni foleti ya kiwandani. "Mama," akaniambia, "Ijumaa tunawanyima chakula. Kila asubuhi mtoto alikuwa anawapelekea chakula."

Nikamwuliza, si ni vitamini tu, hata kwenye mboga imo? Akanionyesha hesabu. Mtoto wa umri wa mwanangu anahitaji kama mikrogramu 200 za foleti kwa siku. Kidonge kile kina miligramu 5, yaani mikrogramu 5,000. Ni mara 25. Hakuna sahani ya mboga ya dodo itakayokufikisha huko.

Na kuna jambo la pili ambalo sikulijua kabisa. Katika awamu hii daktari hapimi damu kwa ajili ya kuandika tu. Anaangalia chembe nyeupe: zikipanda sana anaongeza dozi, zikishuka sana anapunguza au anasimamisha. Kumbe kupauka kwa mtoto pia kulikuwa sehemu ya hesabu hiyo, lilikuwa jambo la kuletwa kliniki likapimwe. Ukimwekea mtoto kitu pembeni kinachogusa zile namba, daktari anasoma barua iliyoandikwa na watu wawili na anadhani imeandikwa na mmoja.

Daktari alisimamisha vyote viwili palepale, akapima damu upya, akaturudisha kliniki baada ya wiki moja badala ya mwezi. Mtoto yupo, anacheza mpira na viatu vya kaka yake.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, usiku baada ya usiku, na kilichonitoa machozi ni historia. Miaka ya 1940 kule Boston, Marekani, daktari Sidney Farber alikuwa na watoto wa lukemia wasio na dawa yoyote duniani. Foliki asidi ilikuwa mpya, ikijulikana inatibu aina fulani ya upungufu wa damu. Watoto wa lukemia walikaukiwa damu, kwa hiyo wakapewa dawa za jamii ya foliki. Ugonjwa ukaenda mbio zaidi. Farber akaigeuza fikra: kama foliki inaukuza, tukiizuia je? Yellapragada Subbarow, mkemia kutoka India, pamoja na wenzake walikuwa wametengeneza vizuizi vya foliki, kimojawapo aminopterini. Mwaka 1948 Farber akatangaza watoto 16 waliopewa aminopterini. 10 walipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda, lakini hadi siku ile hakuna aliyekuwa amewahi kuona lukemia ikirudi nyuma kwa dawa hivyo. Methotreksati ni mdogo wake aminopterini.

Yaani dawa anayomeza mwanangu ilizaliwa kwa sababu watu waliona foliki inafanya nini kwa mtoto mwenye lukemia. Miaka zaidi ya 70 baadaye, sisi tulikuwa tunairudia ile hatua ya kwanza hapa Malaba, kwa kijiko na uji.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Siku ya kliniki chukua mfuko, tia ndani kila kinachoingia mdomoni mwa mgonjwa: vidonge, sirapu, unga, majani, maji ya maombi kama yapo. Mimina juu ya meza ya mfamasia. Usisimulie kwa mdomo, maana utasahau, na nusu ya vitu hivyo sisi hatuviiti dawa. Mwenye uzoefu wake aongeze.

---

#2 BinKasese

Pole sana dada, na Mungu ampe mtoto afya. Lakini nina swali la kweli. Bibi yangu ana baridi yabisi ya viungo. Anameza methotreksati kila Jumatatu, na daktari huyohuyo amempa foliki asidi ya kumeza siku nyingine. Sasa nani kakosea?

---

#3 MtoaDawaMbale

Salaam. Mimi ni mfamasia, Mbale. BinKasese, hakuna aliyekosea, na swali lako ndilo linalowachanganya hata watoa dawa madukani.

Bibi hana saratani. Kwake methotreksati inatumika kwa dozi ndogo kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo, na foliki asidi inamkinga na vidonda vya mdomo na matatizo ya ini bila kuvuruga kazi hiyo. Kwa mtoto wa lukemia lengo lenyewe ni kuinyima chembe foleti. Dawa ni ileile, kazi ni mbili. Bibi asiache foliki yake kwa sababu ya uzi huu, tafadhali.

Niongeze jingine ili msije mkagombana na wauguzi. Kuna wagonjwa wa lukemia na limfoma (saratani ya tezi za limfu) wanaopewa methotreksati nyingi kwa dripu hospitalini. Baada ya saa kadhaa zilizohesabiwa, mara nyingi kuanzia siku inayofuata, wanapewa leukovorini, ambayo nayo ni ya jamii ya foliki. Ile ni dawa ya kuokoa: kemo imeachiwa ifanye kazi yake, kisha chembe nzima zinanusuriwa. Ikichelewa ni hatari, ikiwahi inaharibu. Kwa hiyo ukiona foliki inaingia kwenye mshipa wa mwanao wodini, usiing'oe. Hesabu ya saa iko kwenye chati.

Kuhusu ile sirapu yenye chuma: hili linanikera kila wiki. Mgonjwa wa saratani ya damu mara nyingi hana upungufu wa chuma kabisa. Damu imepungua kwa sababu uboho, ambao ndio kiwanda, umevamiwa na ugonjwa au umelazwa na kemo. Kumpa chuma ni kurundika matofali kwa fundi aliyelala. Na kama ameongezewa damu mara nyingi, kila uniti moja imemletea kama miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Kinajikusanya kwenye ini na moyo. Mtu aliyeongezewa uniti kumi, halafu mjomba anamletea zawadi ya sirapu ya chuma!

---

#4 MwanaBombo

Nawaheshimu wote, ila niseme la moyoni. Baba yangu mdogo alikuwa na limfoma. Kemo ilimkausha kama kuni. Tukampeleka kwa mtu anayetundika dripu za vitamini C, na nyumbani tukamchemshia majani ya mstafeli. Alianza kula, akatembea hadi msikitini. Daktari hakumpa hicho. Kwa nini mnatutisha na vitu vya Mungu?

---

#5 MamaMalaba

MwanaBombo, pole kwa yaliyompata baba yako mdogo. Sitishi mtu. Ule mstafeli mimi mwenyewe niliuchemsha mwezi wa kwanza, kwa sababu kila mtu aliyekuja kutuona alikuja na fungu lake. Niliacha mtoto alipoanza kutapika, na hadi leo sijui alitapishwa na majani au kemo. Hilo ndilo lililoniuma: sikuwa na njia ya kujua.

Ulipomtundikia dripu, je, alikuwa kati ya kemo na kemo? Maana hata bila kitu chochote, mgonjwa hurudiwa na nguvu wiki ya tatu, kabla ya duru nyingine. Wangu nilizijua siku zake: siku ya kumi yuko chini, siku ya ishirini anadai chapati.

---

#6 MtoaDawaMbale

Ndugu yangu wa Bombo, asante kwa kusema wazi, wengi wanafanya na kuficha. Nijibu bila kukukosea heshima.

Vitamini C ina habari mbili na zote ni za kweli. Ya kwanza: mwaka 2008 watafiti wa New York walichukua chembe za lukemia na za limfoma maabara, wakazishibisha vitamini C, kisha wakazimwagia dawa za kemo, zikiwemo doksorubisini, vinkristini, methotreksati na imatinibi. Makali ya dawa yalipungua kwa asilimia 30 hadi 70. Wakajaribu kwa panya wenye limfoma: waliopewa vitamini C kabla ya doksorubisini, uvimbe haukusinyaa kama wa wenzao. Chembe za saratani zilikuwa zimevikwa koti la mvua.

Ya pili: mwaka 2017 tafiti za panya zilionyesha vitamini C inasaidia kazi ya jeni iitwayo TET2, ambayo ikiharibika huchangia kuzaliwa kwa lukemia. Ndiyo maana wapo madaktari wanaoijaribu pamoja na aina fulani ya dawa, kwa wagonjwa waliochaguliwa, kwa dozi iliyopimwa. Huo ni utafiti, una karatasi ya kutia sahihi na mtu wa kuwajibika. Chumba cha nyuma chenye dripu ya njano hakina hayo.

Na nimwulize huyo mtundika dripu: alipima G6PD? Sisi watu wa nchi za malaria wengi tumezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Vitamini C nyingi kwa njia ya mshipa inaweza kuzipasua chembe nyekundu za mtu wa namna hiyo kwa saa chache. Mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu. Kwa mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa haitoshi tangu mwanzo, sipendi hata kulifikiria.

---

#7 MpwaWaMpondwe

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye takisi. Baba yangu ana maeloma, saratani ya uboho. Anachomwa bortezomibi chini ya ngozi ya tumbo. Kila akipata mafua mimi humwekea kidonge cha vitamini C cha miligramu 1,000 kinachochemka kwenye maji. Ndicho nilichomwekea asubuhi ya sindano wiki jana. Na dada yetu aliye Kampala humletea chai ya kijani ya pakiti. Niko na hofu sasa.

---

#8 MtoaDawaMbale

Tulia kwanza. Umeuliza, hilo ndilo la maana. Lakini ndiyo, hiyo ni moja ya jozi mbaya tunazozijua vizuri. Ndani ya bortezomibi kuna madini ya boroni, na ndiyo mkono inaoushikia chembe ya saratani. Vitamini C ina umbo linalopenda kuushika mkono huohuo. Vivyo hivyo kemikali iliyomo kwenye chai ya kijani, hasa ile iliyokolezwa kwenye vidonge. Dawa inafika kwenye chembe ikiwa imeshikwa tayari. Hayo yameonekana maabara na kwa panya, na yanatosha kutufanya tuseme vidonge vya vitamini C na chai ya kijani viwekwe kando wakati wa tiba hii. Chungwa moja mezani si tatizo. Mpigie simu muuguzi wenu leo, mwambie tarehe na kiasi, aandike.

Na usitupe kila kitu kwa hasira! Kama daktari alimpa vitamini D na kalisi, hiyo ni kwa sababu maeloma hutafuna mifupa na dawa ya kuimarisha mifupa hushusha kalisi. Aendelee navyo kwa kipimo alichoandikiwa, asijiongezee, kwa kuwa ugonjwa wenyewe wakati mwingine huipandisha kalisi hadi mtu anachanganyikiwa.

Hapohapo kwenye vitamini D, kwa walio na limfoma: ni kweli wagonjwa wenye vitamini D kidogo wameonekana kuwa na matokeo mabaya zaidi, na watu wakakimbilia vidonge. Wamarekani wakafanya jaribio la haki kwa wagonjwa wa limfoma ya polepole wanaotumia rituksimabi, kundi moja wakapewa vitamini D na lingine kidonge kitupu. Waliopewa vitamini D hawakukaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Kupungua kwa kitu hakumaanishi kukijaza kutaponya.

---

#9 Asiyetajwa

Mimi naficha jina, mtanielewa. Naishi na virusi, na mwaka huu nimegundulika limfoma. Niko kwenye TLD, kile kidonge cha virusi, Septrini, na dawa ya kuzuia TB yenye vitamini B6 yake. Kliniki ya virusi na kliniki ya saratani ni majengo mawili tofauti, kila moja lina kitabu chake. Rafiki alininunulia multivitamini kubwa yenye zinki, chuma na magnesi ili kinga ipande. Nameza asubuhi pamoja na TLD ili nisisahau.

---

#10 MtoaDawaMbale

Asante kwa ujasiri wako. Nakujibu kwa makini.

Dolutegraviri iliyo ndani ya TLD hung'ang'aniwa na madini, yaani chuma, kalisi, magnesi na zinki, ndani ya utumbo, na dawa haiingii mwilini vizuri. TLD imezwe saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baadaye. Kwa chuma na kalisi unaweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa unakula, lakini kwa magnesi usijaribu. Wewe mpaka uongee na daktari, iache hiyo multivitamini kabatini. Virusi vikipanda katikati ya kemo, utakuwa unapigana vita mbili kwa silaha nusu.

B6 uliyopewa na dawa ya TB inatosha. Nasema hivyo kwa sababu vinkristini huleta ganzi ya vidole, na watu huambiwa B6 inatibu ganzi, wanaongeza vidonge juu ya vidonge. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi ya miguu. Ukianza kuhisi unakanyaga pamba, sema siku hiyohiyo.

Na Septrini nayo hugusa njia ya foliki. Kama kemo yako ina methotreksati, jengo la pili lazima lijue unaimeza. Usiiache mwenyewe, waambie tu. Vitabu vyako viwili vifunge kwa mpira mmoja.

---

#11 Asiyetajwa

Nimevifunga. Asante.

---

#12 NyaboWaTororo

Sasa tule nini jamani? Mama mkwe wangu ana lukemia ya polepole, anameza imatinibi. Mimi nilikuwa namtengenezea juisi ya bitiruti na majani ya ebbugga kila siku. Niache?

---

#13 MamaMalaba

Dada, usiache kumlisha mama! Hakuna aliyetukataza chakula. Mtaalamu wa lishe aliniambia hivi: mboga za majani, maharagwe, mayai, mukene (dagaa), matoke na mchuzi wa karanga, vyote vile. Ebbugga pia, nakati pia, ila zioshwe kwa maji safi na ziive. Wakati chembe nyeupe ziko chini usimpe kachumbari ya barabarani wala juisi ya kuuzwa kwenye ndoo. Karanga zikague, zenye ukungu tupa. Kama anatapika hawezi kula kabisa, hapo ndipo wao wenyewe huandika virutubisho, wanajua waandike kipi.

Kwa imatinibi niliambiwa balungi liepukwe, linapandisha dawa kwenye damu. MtoaDawa atanirekebisha.

---

#14 MtoaDawaMbale

Sahihi. Balungi liepukwe, machungwa ya kawaida hayana neno.

---

#15 BinKasese

Na ile vitamini A ya watoto? Mwezi wa nne na wa kumi wanapita mitaani na shuleni kwa Siku za Afya ya Mtoto, wanatoa vitamini A, dawa ya minyoo na chanjo. Mpwa wangu wa miaka 4 yuko kwenye kemo.

---

#16 MtoaDawaMbale

Swali zuri, na watu wa mtaani hawawezi kumjua mtoto kwa kumtazama tu. Mama yake awaambie "huyu yuko kwenye kemo" na awaonyeshe kitabu. Chanjo hai, kama ya surua au matone ya polio, asipewe bila ruhusa ya daktari wake wa saratani. Vitamini A nayo aulizwe daktari huyohuyo. Kuna aina moja ya lukemia, ya promielositi, ambayo dawa yake, tretinoini, ni mtoto wa vitamini A mwenyewe. Wachina wa Shanghai ndio walioonyesha miaka ya 1980 kwamba inaziongoza chembe changa zikomae badala ya kuziua. Mgonjwa wa tretinoini akiongezewa vitamini A juu yake, kichwa kinaweza kumpasuka kwa maumivu, maana shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Unaona: vitamini inaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo haigawiwi kama peremende.

---

#17 MwanaBombo

Nimerudi kusoma. Baba mdogo alifariki mwaka jana, sikusema pale juu. Hatukumwambia daktari kuhusu dripu kwa sababu tuliogopa atatufokea. Dada wa Malaba, wewe hukuogopa?

---

#18 MamaMalaba

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole sana kaka. Mlimpenda, na alitembea hadi msikitini mkiwa naye.

Niliogopa. Ndani ya basi nilikuwa nimepanga kutoa bahasha moja tu na kuficha sirapu. Kabla ya hapo, kwenye kituo kingine nitakachoacha kukitaja, niliwahi kufokewa mbele ya watu kwa sababu ya yale majani, na tangu siku ile nikawa nachagua la kusema. Safari hii mtoto ndiye aliyenisaliti. Mfamasia alipouliza "ni hivi tu?" akajibu kabla yangu: "Na ile dawa tamu." Yule kijana hakufoka. Aliandika tu, akauliza vijiko vingapi.

Wanaofanya kazi kwenye meza hizo, kama mnasoma: ule utulivu wenu ndio unaotufungua midomo.

Wifi yangu alitaka kujua kosa lake liko wapi, nikamweleza kila kitu kama nilivyowaeleza hapa. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba nimnunulie kopo la pili, jekundu, lenye kifuniko cha kuzungusha. Methotreksati inakaa humo peke yake, juu ya kabati. Foliki asidi iliyobaki tuliirudisha dukani. Sikugombana na muuzaji, nilimwomba tu akiuza dawa ya damu ya mtoto aulize mtoto anaumwa nini. Akasema atauliza.

Na tukakubaliana nyumbani: mtoto akipauka, akitokwa na madoa mekundu mwilini au damu puani, au joto likifika 38, hakuna kwenda dukani wala kumpa panadoli ili tusubiri asubuhi. Namba ya wodi tumeiandika ukutani kwa mkaa, kando ya mlango, kwa sababu simu yangu huzimika. Kesho ni Ijumaa. Wifi amelala kwetu leo, amesema kopo jekundu atalifungua yeye, mimi nimtazame.